Watu wa "unanijua mimi ni nani?": tunaishi nao vipi, na tukianza kuwa wao je?

KauntaTabata

Wakuu, habari za jioni.

Nakaa mapokezi kwenye zahanati moja ya binafsi hapa Dar. Sitaitaja, ugali wangu unatoka pale. Kazi yangu ni kuandika jina, kuuliza kama una bima, kukupa namba na kukuambia "subiri pale". Hiyo "subiri pale" ndiyo inayowatoa watu povu.

Nimewaona wa kila aina. Kuna anayeingia na funguo za gari zikining'inia kidoleni, haji kaunta, anasimama katikati ya ukumbi akingoja afuatwe. Kuna anayeongea na simu kwa sauti ya juu, "ndiyo, niko hapa, wananichelewesha", halafu simu ileile inaita ikiwa sikioni. Kuna anayemtaja mjomba wake. Na kuna wa moja kwa moja: "Wewe binti, unanijua mimi ni nani?"

Kwa nilivyowatazama, wengi wao shida yao si foleni. Wenyewe wanadhani ni foleni. Shida yao ni kwamba wameingia mahali na hakuna aliyegeuka. Ukimpitisha mbele huku macho yako yako kwenye kompyuta, anatoka amenuna vilevile na bado atakusema kwa meneja. Lakini ukiinua uso, ukasema "Shikamoo baba, karibu, pole na kuumwa, nikuandike jina gani? Mbele yako kuna wagonjwa watano, nitakuita mwenyewe", wengi wanakaa. Wananung'unika, ila wanakaa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na naomba mnipinge kwa hoja. Heshima haina foleni, daktari ndiye ana foleni. Heshima mpe yote, mwongezee na ya juu. Nafasi ya mwenzake usimpe hata robo. Tunachanganya hivi viwili ndiyo maana tunashindwa kukaa na hawa watu.

Pale kazini nina wenzangu wawili. Mmoja ni mwoga, kila mwenye tai anapita, na yule mama aliyetoka Kitunda alfajiri na mtoto mwenye homa anabaki kuangalia tu. Wa pili yeye ni mkomoaji. Ukijifanya mtu mkubwa, faili lako linakwenda chini kabisa. Huyu wa pili wagonjwa wanamsifia sana. Mimi naona naye ni walewale, ila cheo chake ni stuli ya mapokezi.

Maana hapa mjini kila mtu ana kaufalme kake. Mlinzi wa getini anayekuacha juani huku akitafuta kalamu iliyo mfukoni mwake. Mwenye muhuri. Mshika maiki. Admini wa kundi la WhatsApp la mtaa. Katibu wa kamati ya harusi, huyo ndiyo usiseme.

Sasa ninyi mnafanyaje? Kwa bosi, kwa mkwe, kwa jirani, na kwenye nafsi zenu. Msiniletee "mpuuze tu". Bosi hapuuziki.

Konda Mstaafu

Dada umenena. Nimekula siku nyingi mlangoni njia ya Mbagala na nikuambie siri ya kazi. Konda mjinga anagombana na anayejimwambafai. Konda mjanja anamwita bosi. "Bosi sogea kidogo. Profesa kunja miguu. Mheshimiwa nyuma kuna nafasi. Mama mwenye nyumba, nauli."

Gari zima ni mabosi, kwa hiyo bosi hakuna. Wote wanasogea.

Kitu kimoja tu: usimkosee chenji mtu wa aina hiyo, na usimrudishie kimyakimya. Hesabu kwa sauti, abiria wasikie. Akishapewa haki yake hadharani anakuwa mpole mpaka Kariakoo.

Jicho la Sinza

Kwanza niwape hongera, halafu niharibu sherehe.

Huu uzi unazungumzia mwenye funguo za gari. Sawa. Ila neno "anajisikia" mtaani hatumwambii mwenye funguo za gari, yeye tunamchekea. Tunamwambia nani? Binti aliyepanga peke yake, anatoka kazini anaingia ndani anafunga mlango. "Anajisikia." Dada wa kazi aliyeuliza mshahara wake wa miezi iliyopita. "Siku hizi anajisikia." Kijana aliyerudi na shahada na hakai kijiweni. "Anaringa huyo, kasahau alikotoka." Mimi nimeolewa mtaa ambao kutokwenda kukaa barazani saa kumi jioni ni kesi.

Kwa hiyo kabla hatujajadili jinsi ya kuwatibu wanaojiona, tuulize kwanza nani kapima. Mara nyingi anayesemwa anajiona ni mtu aliyekataa kuwa mdogo kama tulivyomzoea. Unyenyekevu tunawahubiria wasio na kitu, na wenye nacho tunawawekea kiti.

KauntaTabata

Jicho, hilo sikuliwaza na limeniingia. Nadhani kipimo ni kuangalia nani anaumia. Binti akifunga mlango wake hakuna aliyepungukiwa kitu. Mwenye tai akipita mbele, mtoto wa Kitunda amepungukiwa dakika ishirini za daktari. Kama hakuna aliyechukuliwa chake, basi tumwache aringe, ni raha yake.

Mtani wa Wazaramo

Mimi Mnyamwezi, nazungumza kama mwenye ruhusa.

Mnatafuta dawa mbali, wazee waliiacha nyumbani. Dawa ya mtu mkubwa ni mtani. Wanyamwezi walishuka pwani na misafara ya pembe, wakakutana na Wazaramo, na mpaka leo tunachambana bila kesi. Wangoni na Wahehe walipigana vita kabisa karne ya 19, sasa hivi ni watani, Mngoni anamwambia Mhehe neno ambalo mwingine akilisema anapelekwa kituoni.

Mkumbuke misiba ya zamani. Marehemu alikuwa mtu wa cheo, wanafamilia wamevaa suti nyeusi, wamenyooka kama minara ya simu. Anatokea mtani, kavaa koti la marehemu nyuma mbele, anatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, anaulizia madeni ya marehemu mbele za watu. Anashuka kaburini analala, hatoki mpaka alipwe. Mjane mwenyewe anacheka huku analia. Na yule mtoto wa kiume aliyekuwa anatoa amri kwa simu inabidi atoe pochi amlipe mtu asiye na viatu.

Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemkomoa kama yule mwenzako wa mapokezi. Ila amerudishwa chini taratibu, na utani una kanuni, hata mwenye hasira hawezi kuchukia bila kuchekwa zaidi. Siku hizi msiba una MC, ratiba imechapwa, mtani hana hata dakika mbili. Ndiyo maana watu wanavimba mpaka wanapasuka, hakuna wa kuwatoboa mapema.

Fundi Vingunguti

Nipo pale nimelala kaburini, mtu wa kunilipa hajatokea 😂

Mzee wa Keko

Vijana, shikamooni hamjanipa ila naendelea.

Jambo hili nchi hii ililipigania kwa maandishi. Ahadi za mwanachama wa TANU zilikuwa na inayosema cheo ni dhamana, na kwamba mtu hatatumia cheo chake wala cha mwingine kwa faida yake. Angalieni hapo, "wala cha mwingine". Yule wa kutaja mjomba alishafikiriwa kabla hajazaliwa. Mwaka 1963, Uhuru una miaka miwili tu, Mwalimu Nyerere alikuwa keshawaandikia viongozi waraka kuwaonya juu ya makuu na mbwembwe za madaraka. Miaka miwili!

Halafu Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao ya kisomi, kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima na kulipwa asilimia 40 ya mshahara katika kipindi hicho. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Lakini hakuishia hapo. Alisema mishahara ya wakubwa nayo ni mikubwa mno, akapunguza wa kwake kwa asilimia 20. Mkubwa wa leo anakuhubiria unyenyekevu akiwa kwenye kiyoyozi.

Fundi Vingunguti

Shikamoo mzee. Naomba niseme bila kukosa adabu. Mwenye uwezo wa kuwafukuza watu 400 kwa siku moja, unyenyekevu wake ni wa aina yake. Mshahara alikata, mamlaka je? Mimi nadhani kuna watu hawajivuni kwa gari wala suti, wanajivuna kwa kuwa sahihi kuliko wote chumbani. Hao ndio wagumu zaidi, maana huwezi hata kuwacheka.

Mzee wa Keko

Marahaba. Unabisha vizuri. Wengi wa wale wanafunzi walirudishwa chuoni baadaye, uliongeze hilo kwenye hesabu yako. Lakini ulichosema juu ya wanaojivunia kuwa sahihi, hapo sina jibu, nimekaa nao kamati nyingi.

Somasoma

Naona mmegusa kila mtu isipokuwa ninyi. Niwaletee vipimo.

Mwaka 1979 watafiti wawili, Michael Ross na Fiore Sicoly, waliwauliza wanandoa nchini Kanada, kila mmoja peke yake: kazi za nyumbani wewe unafanya sehemu gani? Ukijumlisha majibu ya mume na mke, kwa wengi yalizidi asilimia 100. Kila mmoja alijiona anabeba nyumba. Na hapa ndipo patamu: walijipa sehemu kubwa hata kwenye mambo mabaya kama kuanzisha ugomvi. Maana yake si kujisifu tu. Kazi yako unaikumbuka kwa sababu ulikuwepo ukiifanya. Ya mwenzako uliikuta imeisha.

Chukueni hilo mlipeleke kwenye kamati yoyote ya harusi ya Dar. Mweka hazina anajua alivyosumbuka kupiga simu za michango. Hajui wa mapambo alilala ukumbini. Wa mapambo hajui aliyefuata ng'ombe Pugu mnadani. Siku ya kuvunja kamati kila mmoja anaona amesahauliwa kwenye shukrani, na wote wana ushahidi.

Madereva ndiyo balaa. Mwaka 1981 Ola Svenson aliwauliza watu wajilinganishe na wenzao kwa ustadi wa kuendesha gari. Wamarekani asilimia 93 walijiweka kwenye nusu ya juu. Waswidi walikuwa na aibu kidogo, 69. Nendeni makutano ya Ubungo saa kumi na mbili jioni mkaone wetu ni ngapi.

La tatu litawapa nafuu wenye aibu. Thomas Gilovich na wenzake, utafiti wao ulitoka 2000, walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha kubwa ya mwanamuziki Barry Manilow, ambayo kijana wa wakati ule angeionea haya, wakamwingiza kwenye chumba cha wenzake. Wavaaji walikadiria karibu nusu ya waliokuwemo wataiona. Walioiona kweli walikuwa kama robo. Mwenye majivuno na mwenye haya, wote wawili wanadhani ukumbi unawatazama. Ukumbi unawaza chakula.

Kwa hiyo mimi kabla ya kulalamika kwamba sikutajwa, nachukua karatasi naandika kwanza wenzangu walifanya nini. Majina, kazi, gharama. Nikifika wa nne, hasira inakuwa imepoa, na mara nyingi karatasi hiyo ndiyo inakuwa hotuba ya shukrani.

Konda Mstaafu

"Ukumbi unawaza chakula." Hii iandikwe nyuma ya daladala.

Bi Mkubwa wa Kigamboni

Nimesoma yote, sasa nileteeni masikio kwenye la mkwe, maana mwenye uzi aliuliza mkamruka.

Kila ukoo una shemeji mmoja. Huyu wetu anaishi Mbezi Beach, kwenye kikao anafika kachelewa ili aingie tukiwa tumeshakaa. Mchango wake anautangaza mwenyewe. Harusi ya mwanangu alitaka meza kuu, na meza kuu ina viti vya wazazi, wasimamizi na maharusi, basi. Wengine walisema aambiwe ukweli. Nikasema hapana, mtu wa namna hii ukimnyima kiti bila kumpa kitu atakiharibu kikao kizima.

Nikamwendea mwenyewe. "Shemeji, wageni wa upande wa bibi harusi wanatoka Tanga, hawamjui mtu. Nahitaji mtu mwenye sura ya ukoo awapokee pale mlangoni, awapeleke mezani kwao, ahakikishe wamekula." Alipokea wageni kama balozi. Alisimama mlangoni mpaka saa nne usiku, wale wageni mpaka leo wanamuulizia. Kiti hakukiulizia tena.

Ila sikumpa pesa ashike, na sikumpa maiki. Maiki usimpe. Mtu wa aina hiyo mpe kazi yenye jasho na yenye kuonekana, na iwe kazi ya kweli. Akigundua umemtengenezea kazi ya kumpumbaza, umekwisha.

Jicho la Sinza

Bi Mkubwa nakuheshimu sana, lakini haya yote ni kazi ya wanawake tena. Kumsoma mwanaume, kumpoza, kumtafutia mlango wa kusimama. Nani anampoza Bi Mkubwa?

Bi Mkubwa wa Kigamboni

Mwanangu, mimi nilikaa meza kuu.

Kitengo Kipya

Wakuu, naomba nije na upande wa pili. Nimepandishwa kuwa mkuu wa kitengo kwenye ofisi moja huku Posta. Sijabadilika, najijua. Ila dunia iliyonizunguka imebadilika na inanitisha kidogo. Utani wangu umeanza kuchekesha. Uleule wa zamani ambao hakuna aliyecheka. Nikisema wazo kwenye kikao, kalamu zinaandika. Mhudumu ananiletea chai sijaagiza. Mwenzangu tuliyekuwa tunashea chipsi ananiita "mkuu" na hatanii.

Najiuliza mtu atajuaje kwamba wazo lake ni zuri kama kila mtu anatikisa kichwa?

Somasoma

Usiseme wa kwanza. Hakuna ufundi zaidi ya huo. Uliza, waseme wote, anza na mdogo kabisa wa cheo, wewe wa mwisho. Ukisema kwanza umeshafunga kikao.

Mtani wa Wazaramo

Na mtafute huyo wa chipsi, mnunulie chipsi, umchokoze kwanza wewe. Hawezi kurudisha utani mpaka umfungulie mlango, cheo kimemfunga mdomo. Ukikosa mtani kazini, basi tafuta watu wanaokuita kwa jina la utotoni. Mimi kijijini naitwa jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Mzee wa Keko

Msikitini nako kunasaidia, anayewahi ndiye safu ya mbele, na mguu wako unagusana na wa fundi viatu. Walau ndivyo inavyotakiwa. Siku hizi nako naona mazulia yanatandikwa mapema.

Fundi Vingunguti

Kanisani kwetu viti vya mbele vimebandikwa karatasi "wageni waalikwa". Mgeni gani, sijawahi kumwona 😂

Mwananyamala Usiku

Nimechelewa kufika. Dada KauntaTabata, hoja yako nzuri ila ina shimo. Unawazungumzia waliokosa kuonekana, wakionekana wanatulia. Kuna wengine hawatulii. Bosi wangu wa zamani, shikamoo yako ilikuwa chakula, kesho anataka mbili, keshokutwa upige magoti. Alikuwa anamwita mtu mzima "wewe takataka" mbele ya wateja. Huyo ukimpa heshima ya ziada unamnenepesha. Huyo naye tumwangalie machoni tumwambie karibu baba?

KauntaTabata

Hapana. Na nashukuru umelileta.

Kuna anayevimba kwa sababu ya kiu, na kuna anayevimba kwa sababu amegundua hakuna wa kumzuia. Wa kwanza nimeshaeleza. Wa pili simtibu, mimi si daktari wa roho za watu. Kwa huyo pale kazini tuna daftari la matukio. Tarehe, saa, alichosema kwa maneno yake bila kuongeza chumvi, nani alikuwepo. Siandiki "alikuwa na dharau". Naandika "alisema wewe takataka, walikuwepo fulani na fulani". Akirudia, daftari linakwenda kwa meneja, na meneja akiwa ndiye yeye, linakwenda juu yake. Sauti yangu inabaki ileile ya shikamoo, siipandishi wala siishushi, kwa sababu nikipandisha kesi itakuwa ya sauti yangu.

Na nikubaliane na Jicho: anayeambiwa "vumilia" kwa mtu wa aina hii karibu kila mara ni mwanamke au kijana. Mimi sikusema tuvumilie. Nilisema tusichanganye.

Mwananyamala Usiku

Daftari nimelichukua. Asante dada.

Kitengo Kipya

Swali la mwisho kabla hamjalala. Kesho kuna kikao cha kitengo na nimepita ukumbini jioni hii. Wameniwekea kiti tofauti na vya wengine, kimefungwa kitambaa, na mbele yake chupa ya maji peke yake. Nataka nikitoe nikae kwenye cha plastiki kama wote. Mnaonaje?

Bi Mkubwa wa Kigamboni

Kaa.

Kitengo Kipya

Hata baada ya uzi wote huu?

Bi Mkubwa wa Kigamboni

Baba, ukianza kubeba viti mbele za watu kikao kizima kitakuwa cha unyenyekevu wako. Aliyekufungia hicho kitambaa ataona umemuaibisha. Na nusu saa itakwenda mkibishana "hapana mkuu kaa", "hapana mimi hapa panatosha". Kaa, funga mdomo kama Somasoma alivyosema, kikao kianze saa iliyoandikwa.

Kitengo Kipya

Sawa mama, nitakaa. Na maji?

Konda Mstaafu

Kunywa bosi, Dar joto. Ila waambie kesho kutwa walete ya wote.